Chupa za Jumatano

Iringa, 12 Februari 1956

Wifi yangu Tusekile,

Hamjambo huko Igawilo? Atuganile wangu ameshaota meno, au bado anakung'ata kwa fizi? Sisi huku wazima. Mvua inanyesha mpaka nguo zinanuka kabla hazijavaliwa, na mume wangu Mrisho ana mafua, analalamika utadhani ndiye mtu wa kwanza duniani kuumwa. Kazi ya unesi ni ileile, kukimbia wodi hii kwenda wodi ile. Miguu imevimba, lakini hilo tuliache.

Sasa sikiliza. Kaka Isakwisa ameniandikia kutoka migodini Kitwe. Anasema daktari wa macho aliyepita Mbeya amempima baba, na jicho la kushoto halioni tena, na la kulia limeanza ugonjwa uleule. Karatasi ya daktari imo ndani ya barua yake. Nimeisoma mara tatu, kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia. Maji ya ndani ya jicho yanazidi, jicho linakaza, linakufa polepole bila maumivu, kutoka pembeni kuja katikati. Likishakufa halirudi. Ila dawa ya matone ipo. Ikitiwa kila siku bila kukosa, lile moja lililobaki baba anaweza kuzeeka nalo.

Chupa ya kwanza nimempa Andendekisye, dereva wa basi la Jumatano. Nimeishonea mfuko wa kitambaa isipasuke njiani. Maelekezo usiruke hata moja. Anawe mikono kwa sabuni. Alale chali. Avute kope ya chini iwe kama kikombe kidogo, adondoshe tone moja humo, moja tu, afumbe jicho taratibu na kubana kwa kidole pembe ile ya penye pua, ahesabu mpaka mia. Ncha ya kijibomba cha kioo isiguse jicho, wala kope, wala kidole, wala isipanguswe kwa nguo. Asubuhi, mchana na jioni. Chupa ikae mbali na jua na moto. Mtu mwingine asitie, hata aje analia. Na ikitimiza mwezi tangu ifunguliwe imwagwe, hata kama imebaki. Ndiyo maana nitatuma nyingine kila mwezi.

Usimwambie imetoka kwangu. Sema ni ya hospitali. Sababu unaijua.

Mimi wifi yako,
Yudith


Igawilo, 9 Machi 1956

Wifi Yudith,

Ndaga fijo kwa barua na kwa mzigo, vyote vimefika salama. Atuganile ana meno mawili na anajua kuyatumia, kifua changu ni shahidi. Mahindi yamesimama vizuri. Migomba ya upande wa mtoni upepo umeilaza chini. Isakwisa hajaniandikia tangu Krismasi, nashukuru kusikia kwamba kwako anaandika.

Wifi, barua yako umeiandika kama mtu aliyesahau alikozaliwa. Avute kope, abane pembe! Nani amwoneshe? Mama tulimzika mwaka juzi. Mume wangu yuko Kitwe. Mimi ni mkwe. Huu ni mwaka wa sita tangu niolewe, na baba hajauona uso wangu, wala mimi sijakanyaga ndani ya nyumba yake. Akipita njiani naingia migombani. Chakula naweka juu ya jiwe mlangoni pake, nakohoa, naondoka. Mchungaji alishasema kanisani tuache mambo hayo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaendelea vilevile.

Basi nikafikiri. Kusema naye siwezi, lakini kusema na kuku hakuna aliyenikataza. Kuna kuku mwekundu anayetagia nyuma ya nyumba ya mzee. Nikakaa nyuma ya ukuta nikamwambia, "Wewe kuku, mtu akitaka jicho lake lipone ananawa mikono kwa sabuni." Mara nikasikia maji. Nikasema, "Sasa kuku, mtu huyo analala chali." Kitanda kikalia. Hivyohivyo mpaka mwisho, mimi nahesabu mia kwa sauti, kuku anadonoa. Tulipomaliza mzee akasema kwa ndani, "Kuku, umefundishwa vizuri." Nilijiziba mdomo kwa kanga nisicheke.

Alimuuliza kuku dawa imetoka wapi. Kuku akajibu, hospitali.

Utakuja lini? Wewe ni binti yake, mkono wako haukatazwi. Najua siku ulipoolewa na Mrisho na kufuata dini yake baba aliapa kwamba macho yake hayatakuona tena. Mtu akikasirika husema. Njoo, wifi.

Tusekile


Iringa, 2 Aprili 1956

Mpenzi Tusekile,

Barua yako nimewasomea manesi wenzangu, na sasa kila mgonjwa akikataa dawa wanasema, aitwe kuku. Umenichekesha na mimi nilikuwa sijacheka siku nyingi. Mwenye akili ni wewe, sisi tumebaki na vyeti.

Hapa hatujambo. Mrisho amekwenda Ubaruku kutafuta mchele wa duka, atakaa wiki mbili. Nimekuwekea kipande cha sabuni ya dawa pamoja na chupa ya tatu. Kipande hicho ni cha baba, usije ukafulia nepi.

Nina neno. Chupa tupu nirudishie kwa Andendekisye. Chupa ndogo za namna hii hazipatikani, inabidi nipeleke ya zamani ndipo nipate mpya, na mpaka sasa naombaomba. Nawe hujaniambia kama anatia mara tatu kweli. Niandikie wazi: kila siku, au anaruka? Ugonjwa huu haumuumi mtu, ndiyo hatari yake. Mtu anajiona mzima anaacha dawa, huku jicho linakwenda.

Salamu kwa wote wanaoniuliza.

Yudith


Igawilo, 24 Mei 1956

Wifi Yudith,

Samahani kwa kuchelewa. Tumevuna mahindi, na Atuganile alikuwa na surua, namshukuru Mungu imepita bila kumdhuru. Kaka yako ameandika. Anasema kifua kinambana lakini tusiwe na wasiwasi, nami kwa hiyo nina wasiwasi.

Baba hajambo. Dawa anatia kila siku. Tena anaisifu. Alimwambia kuku kwamba akishatia, baada ya muda kidogo vitu vinakaza, anaona majani ya mgomba moja moja. Chupa tupu bado hajatoa nje hata moja. Nilimtuma kuku aombe, mzee akajibu kwamba chupa ni kitu cha maana. Nadhani anawekea ugoro, unajua wazee na chupa.

Siku hizi amekuwa na mambo. Kila Jumatano anavaa lile koti jeusi la kanisani, anashuka mpaka barabarani, anakaa kwenye gogo mpaka basi la Iringa lipite. Halafu anarudi, analivua koti, analitundika. Amependa kutazama magari uzeeni.

Wifi, mumeo akifika Ubaruku amebakiza safari ya siku moja kufika hapa. Gari analopanda yeye wewe halikuenei? Nakuuliza tena, utakuja lini?

Tusekile


Iringa, 20 Juni 1956

Mpenzi Tusekile,

Pole kwa surua ya mtoto. Umpe maziwa, na usimfunike sana. Huku baridi imeshuka mpaka Wahehe wenyewe wanalalamika. Nimekutumia fulana mbili za Atuganile, zimevaliwa lakini ni nzima.

Hilo la majani ya mgomba limenipa wasiwasi. Mwambie kuku, na amwambie vizuri: dawa hii haikuwekwa kwa ajili ya kuona leo. Huko kukaza ni kwa muda tu. Kazi yake ni kupunguza maji ndani, na maji hayapungui kwa tone la siku moja. Si mafuta ya taa, kwamba unawasha mgeni akija na kuzima akiondoka. Ni kila siku, aone vizuri au asione vizuri, apende asipende.

Tena nataka umpime. Kuku akae upande wa kulia kabisa wa mlango, mzee atazame mbele, aseme kama anamwona kuku. Halafu upande wa kushoto. Unijibu kwa barua ya haraka.

Likizo ni ngumu mwaka huu.

Yudith


Iringa, 29 Agosti 1956

Tusekile,

Salamu kwanza. Chupa ya sita na ya saba nimetuma, Andendekisye anasema ulizipokea kwa mkono wako; ya nane sipati mpaka tupu zirudi. Barua yangu ya Juni hujaijibu. Nilikuuliza kuhusu kuku mlangoni. Miezi miwili! Umekosa wino au umekosa la kusema? Kama nimekuudhi, nitukane kwa maandishi, nitafurahi. Ila nijibu.

Yudith


Igawilo, 21 Oktoba 1956

Wifi yangu,

Natumaini hamjambo nyote. Sisi tunapumua. Barua hii nimeianza mara nne, na mara nne nimeitumia kuwashia moto.

Baba haoni.

Ile barua ya Juni ilipofika nilimpima kama ulivyosema. Kuku alikuwa kulia, mzee akasema hamwoni. Alikuwa kushoto, akasema hamwoni. Akasema, "Labda kuku ameondoka." Nilijua siku hiyo. Sikukuandikia. Nilijiambia nitampima tena wiki ijayo, kisha wiki nyingine. Jumatano ya pili ya Septemba alivaa koti akaelekea barabarani, akaingia kwenye mtaro mzimamzima. Majirani walimrudisha ana tope mpaka masikioni. Alichouliza ni kama basi limeshapita.

Wazee wakakaa. Baba mdogo Sedekia akasema mkwe anaogopwa asionekane, na mtu asiyeona hamwoni mkwe, basi huyu binti aingie amhudumie mzee, asije akafia ndani kwa njaa. Ili mwiko uondoke ilibidi mzee anipe kitu. Akasema, "Mpeni yule kuku mwekundu. Ndiye aliyekuwa akipokea maneno yake." Watu walicheka. Mimi nilipokea kuku nikalia.

Nikaingia. Miaka sita nasikia kitanda hicho kikilia, sasa nakiona. Juu ya kichwa cha kitanda kuna ubao, na juu ya ubao zimepangwa chupa zako zote saba, kila moja ndani ya mfuko wake. Sita kizibo hakijaguswa. Ya kwanza imepungua kidole kimoja.

Nilimuuliza kwa kinywa changu mwenyewe, "Baba, mbona hukutia?" Akasema, "Nilikuwa natia Jumatano. Siku ya basi. Ukitia, vitu vinakaza. Nitaimalizaje dawa kwa kutazama ukuta na kuku? Nilikuwa namtunzia Yudith, nimwone vizuri siku akishuka." Nikamwambia dawa ni ya hospitali. Akanipa mfuko nishike. "Pitisha kidole hapa. Mshono huu ni wa mama yake. Hospitali gani inashona hivi?" Alijua tangu chupa ya kwanza, wifi.

Na mimi sasa niseme langu. Nilikuandikia kwamba anatia kila siku, na kizibo nilikisikia kikilia Jumatano tu. Nilidhani siku nyingine anatia nikiwa shambani. Hapana, sikudhani, nilitaka iwe hivyo. Niliogopa utanifokea. Niliogopa watu waseme mkwe anachungulia nyumba ya mzee. Kwa ukuta wa udongo usiozidi unene wa mkono nimeliacha jicho la baba likafa, na mimi nimekaa upande wa pili nahesabu mia.

Kama hutaniandikia tena nitaelewa.

Tusekile


Iringa, 6 Novemba 1956

Tusekile, dada yangu,

Nani atakufokea? Nikufokee kwa mdomo gani?

Nilipoisoma barua yako nilikaa chini, chini kabisa sakafuni, na Mrisho akadhani nimefiwa. Nilimwambia ndiyo.

Unajua kwa nini sikuja? Nina mtoto. Ni wa kike, jina lake Bibie, ametimiza miaka miwili na nusu. Sikukuandikia hata siku moja kwa sababu nilijua hutaweza kunyamaza, nami nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka akue kidogo, ajue kusalimia kwa lugha yetu, apige magoti vizuri mbele ya babu yake. Ana uso wa mama, Tusekile. Kidevu, macho, vyote. Nilisema baba akiuona uso huo hataweza kuniambia ondoka. Kila ulipoandika njoo nilisema bado, miezi michache, ajue kwanza maneno yote. Sasa anayajua yote. Na mimi nesi, ninayejua jicho hilo linakwendaje, ndiye niliyekuwa nikisema bado.

Yeye alinitunzia jicho, mimi nikamtunzia mtoto. Tumeharibu vyote viwili.

Nisikilize kuhusu chupa. Zile saba zote zimwage, hata ambazo hazijafunguliwa, zimekaa kwenye joto la moto miezi mingi. Usimpe jirani yeyote, hata mwenye macho mekundu ya moshi. Daktari hapa anasema jicho lisiloona nalo hukaza na kuanza kuuma vibaya, kwa hiyo aendelee kutiwa. Nimekutumia chupa mpya ya kuomba. Tia wewe mwenyewe, mara tatu, kama nilivyoandika mwanzo. Halitarudi. Ni kwa ajili ya maumivu tu.

Nimeomba ruhusa. Tutakuja mimi na Bibie kwa basi la Jumatano, tarehe 28. Ninaogopa. Aliapa yule mzee, na mimi sijawahi kumwona akirudisha neno lake. Nikiingia akageuka ukutani nitafanyaje mbele ya mtoto? Lakini tutakuja.

Yudith


Igawilo, 28 Novemba 1956

Wifi Yudith,

Salamu za nyumbani leo nazifupisha. Mtoto mzima, kuku mzima, Isakwisa ameandika anarudi Pasaka.

Chupa za zamani nilizimwaga zote saba nyuma ya migomba kama ulivyosema. Baba alinikataza kutupa mifuko. Iko chini ya mto wake.

Leo alfajiri aliniita. Akaomba koti. Nikamvika, nikamfunga vifungo. Kisha akasema, "Sasa nitilie." Nikamwambia, baba, unajua haitasaidia kuona. Akasema, "Najua. Wewe tia tu, leo ni Jumatano." Nikanawa mikono kwa sabuni yako. Nikamlaza. Nikavuta kope ya chini ikawa kikombe, nikadondosha tone moja, ncha haikugusa kitu. Nikabana pembe ya jicho penye pua na kuhesabu mpaka mia, na yeye akahesabu pamoja nami. Nilifanya kila kitu kama ulivyoandika tarehe 12 Februari. Ni kazi ndogo sana, wifi. Haimalizi hata muda wa kuchemsha maji ya uji.

Nikamshika mkono tukashuka mpaka kwenye gogo. Alikuwa amejifunza jibu la salamu ya Kiislamu, la kumjibu Bibie, akalirudia njia nzima kwa sauti ya chini, asije akakosea.

Basi likafika. Wakashuka watu wanne. Wa mwisho akashuka Andendekisye mwenyewe, na kimfuko cha kitambaa mkononi. Hakuniangalia usoni. Alisema ulifika stendi Iringa na mzigo, mtoto umembeba mgongoni, ukaweka mguu wa kwanza kwenye ngazi. Ukasimama hapo mpaka wenye safari wakaanza kupiga kelele. Kisha ukampa chupa hii, ukarudi nyumbani.

Sikukasirika. Nimejua kuogopa ni nini.

Baba aliuliza, "Nani ameshuka?" Nikamwambia. Kimfuko nilitaka kukificha, lakini alinyoosha mkono nikampa. Akapitisha kidole kwenye mshono mpaka vumbi la basi likatulia. Halafu akasema maneno haya, akataka niyaandike kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze:

"Mwandikie aje asiogope. Niliapa macho yangu hayatamwona tena, na hayatamwona. Kiapo kimetimia, sidaiwi. Sasa aje na mtoto."

Dawa iliyopo inatosha, wifi. Usitume nyingine. Jumatano ijayo tutakuwa kwenye gogo.

Tusekile